Nebraska haina bahari, Uganda haina bahari: mbona taabu zao si sawa?

Mwalimu_Umoja

Wadau, habari za jioni. Nafundisha jiografia katika sekondari moja hapa Eastlands, Nairobi, na kidato cha tatu wamenibana kwa swali ninalotaka kulijibu vizuri wiki ijayo.

Tulikuwa kwenye mada ya biashara ya kimataifa. Nikaeleza kwamba nchi zisizopakana na bahari hulipa zaidi kusafirisha bidhaa, nikatoa mifano ya Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye mjomba wake anaishi Omaha, mji wa jimbo la Nebraska kule Marekani, akainua mkono. "Mwalimu, na Nebraska je? Kule nako hakuna bahari, mbona hatusikii wakilia?" Darasa zima likageukia ramani ya dunia iliyobandikwa kando ya ubao.

Tukahesabu pamoja. Majimbo ya Marekani ni 50. Yanayogusa bahari ni 23, yasiyogusa ni 27. Kati ya hayo 27, saba yako kwenye Maziwa Makuu ya kule: Minnesota, Wisconsin, Illinois, Indiana, Michigan, Ohio na Pennsylvania. Yanabaki 20 yasiyo na ufuo wa bahari wala wa maziwa hayo, kuanzia Vermont kaskazini mashariki hadi Nevada na Arizona. Nebraska ndiyo iliyozama ndani kabisa. Ondokea upande wowote, hata ukikata kaskazini kupitia Canada, lazima uvuke majimbo matatu ndipo uonje maji ya chumvi.

Sitaki kuwaambia watoto kwamba "Marekani ni tajiri" kisha nifunge kitabu. Huo utajiri ulipatikanaje ikiwa mahindi hayawezi kufika melini? Mwenye kujua mizigo inavyosafiri anieleze: ni kitu gani hasa kinachowaokoa watu wa Nebraska na Iowa? Na ile mipaka, nani aliichora hata wengine wakapata maji na wengine wakakosa?


Wakala_BandariKavu

Mwalimu, salamu nyingi kutoka Embakasi. Mimi ni wakala wa forodha, ofisi yangu haiko mbali na bandari kavu, na mizigo ninayoshughulikia zaidi ni ya transiti: Kampala, Kigali, Juba. Huyo binti ameuliza swali ninaloishi nalo kila siku ya kazi, kwa hiyo nivumilie nikiandika marefu.

Tuanze na umbali ili tumalizane nao. Kutoka Kampala hadi Mombasa ni takriban kilomita 1,150 kwa barabara. Kutoka Omaha hadi Houston, karibu na maji ya Ghuba ya Mexico, ni zaidi ya kilomita 1,400. Kama tatizo lingekuwa kilomita tu, Nebraska ingelia kabla ya Uganda.

Sasa tazama kontena moja la Kampala linavyosafiri. Likishushwa Mombasa, natuma tamko la forodha kwenye mfumo. Siku hizi kodi ya Uganda hulipwa kabla mzigo haujatoka bandarini. Utaratibu huo ulianza mwaka 2014 na kwa kweli ulitupunguzia mateso mengi. Bado kuna mizigo inayodai dhamana, yaani kampuni ya bima inaahidi kwamba bidhaa zikipotelea njiani na kuuzwa Gikomba, Kenya italipwa kodi yake yote. Lori linafungwa sili ya kielektroniki inayotoa habari ya mahali lilipo, na dereva akiacha njia aliyopangiwa, ofisini wanajua. Kisha kuna mizani: Mariakani, Mlolongo, Gilgil, Webuye. Ndipo Malaba, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja, sili inakaguliwa na mzigo unathibitishwa kwamba umetoka Kenya.

Kila kituo nilichotaja kina mtu au mashine yenye uwezo wa kukuambia subiri. Niliwahi kuwa na kontena la vipuri vya matrekta lililolala mpakani kwa sababu tarakimu moja ya namba ya sili haikulingana na iliyokuwa kwenye mfumo. Sili nzima, mlango haujaguswa, hati zote ziko sawa isipokuwa hiyo tarakimu. Dereva alilala chini ya lori. Mteja wangu alikuwa mkulima wa miwa upande wa Jinja, msimu wa kuvuna umefika, akawa ananipigia simu kila alfajiri, na sikuwa na jibu lolote la kumpa. Matrekta yake yalisimama kwa sababu ya tarakimu moja iliyoandikwa na mtu asiyemjua, katika nchi asiyopiga kura.

Hapo ndipo penye jibu la binti yako. Mganda anapita katika nchi ya wenyewe. Mtu wa Nebraska hapiti kwa mtu, yuko nyumbani mpaka mzigo unapoingia melini.

Chukua mahindi ya Iowa, jimbo ambalo kwa kawaida huongoza Marekani nzima kwa zao hilo. Mkulima anayapeleka kwenye maghala marefu ya kando ya Mississippi, tuseme pale Davenport, na yanamiminwa kwenye tishari, yaani chombo bapa cha mizigo kisicho na injini. Tishari moja hubeba zaidi ya tani 1,300. Kwenye sehemu ya juu ya mto hufungwa kumi na matano pamoja, na boti moja inayasukuma yote kwa nyuma. Kwa malori yetu ya tani 28, mzigo huo ungehitaji malori karibu 700. Msafara unateremka ukipita kando ya majimbo ya Illinois, Missouri, Kentucky, Tennessee, Arkansas na Mississippi hadi Louisiana, na njiani kote hakuna tamko jipya la forodha, hakuna dhamana, hakuna ofisa wa jimbo anayedai chake kwa sababu mahindi ni ya jirani. Forodha ni ya serikali kuu peke yake.

Hilo liliandikwa kwenye katiba yao ya 1787. Jimbo haliruhusiwi kutoza ushuru bidhaa zinazoingia au kutoka nchini bila idhini ya Bunge la Marekani. Chombo kinachotoka jimbo moja hakiwezi kulazimishwa kulipa ushuru katika jimbo jingine. Sheria haiwezi kupendelea bandari za jimbo moja dhidi ya za jingine. Na mwaka huohuo, kabla katiba haijaanza kufanya kazi, sheria ya eneo la kaskazini magharibi ilitamka kwamba mito inayoelekea Mississippi na St. Lawrence itakuwa njia za wote milele, bila kodi. Nilipoisoma mara ya kwanza niliinakili kwenye daftari langu la kazi. Sisi bado tunahangaikia jambo hilo mikutano kwa mikutano, wao waliliandika kabla Iowa haijawa jimbo.

Lakini haki hiyo haikuwashukia kutoka mbinguni, Mwalimu, na hapa ndipo ningependa watoto wasikilize. Kentucky na Tennessee ziliwahi kuwa katika hali ileile ya Uganda. Walowezi walivuka milima ya Appalachia wakalima tumbaku na ngano, ila kurudisha unga hadi Philadelphia kwa farasi juu ya milima kulikula faida yote. Maji yao yaliteremka magharibi na kusini hadi New Orleans, na New Orleans ilikuwa ya Hispania. Mwaka 1784 Hispania iliwafungia Wamarekani sehemu ya chini ya mto. Mkataba wa 1795 ukawafungulia, ukawapa pia haki ya kuweka bidhaa zao New Orleans wakingoja meli. Mwaka 1802 ofisa wa Kihispania aliyekuwa pale akaifuta haki hiyo kwa amri moja. Watu wa magharibi wakapandwa na hasira, wengine wakitaka vita.

Rais Thomas Jefferson akamtuma James Monroe Paris kumsaidia balozi Robert Livingston, maana Hispania ilikuwa imekubali kuirudisha Louisiana, wakati ule eneo kubwa la magharibi ya Mississippi na si jimbo la leo tu, kwa Ufaransa. Walitaka kununua mji wa New Orleans na ardhi kidogo ya karibu. Napoleon akawauzia Louisiana yote kwa dola milioni 15, mwaka 1803, na nchi ikapanuka karibu maradufu. Sasa mwonyeshe yule binti ramani: Nebraska yenyewe, Iowa yenyewe, ziko ndani ya ardhi hiyo iliyonunuliwa. Jimbo lililozama ndani kuliko yote lilikuja pamoja na mlango wake wa bahari, katika ununuzi uleule.

Kuhusu nani aliichora mipaka: watu waliojua thamani ya maji waliisogeza. Pennsylvania haikuwa na ufuo wa maana kwenye ziwa Erie, ikanunua pembetatu ya ardhi mwaka 1792 kwa dola 151,640 ili ipate bandari. Indiana ilipokuwa jimbo mwaka 1816, mpaka wake ulisukumwa kilomita 16 kaskazini ili iguse ziwa Michigan. Illinois miaka miwili baadaye ilifanya makubwa zaidi. Mjumbe wake Bungeni, Nathaniel Pope, aliomba mpaka usogezwe zaidi ya kilomita 60, na bila ombi hilo Chicago ingekuwa Wisconsin leo. Ohio na Michigan zilikusanya hadi wanamgambo mwaka 1835 zikigombea Toledo, mji wenye bandari kwenye mdomo wa mto Maumee. Ohio ikauchukua, Michigan ikafidiwa kwa rasi ya juu yenye misitu na madini.

Kwa hiyo usiwaambie wanafunzi kwamba mstari wa ramani ni jambo la asili. Kila mmoja kati ya hiyo niliyotaja uliombwa, ulinunuliwa au uligombewa.


Binti_SouthB

Nimesoma kwa furaha. Niliwahi kuishi Duluth, Minnesota, kabla ya kurudi nyumbani South B, na nataka kuongeza kile nilichokiona kwa macho.

Duluth iko kwenye ncha ya magharibi kabisa ya ziwa Superior. Kuna daraja la chuma juu ya mfereji wa kuingilia bandarini, na meli ikikaribia sehemu ya barabara inapanda juu nzimanzima, magari yanasimama, watu wanashuka na watoto wao kutazama. Meli inapiga honi, daraja linaijibu kwa honi yake. Inapita karibu sana, unaweza kusoma jina lake na kuwaona mabaharia wakikupungia mkono. Niliona meli zenye bendera za Uholanzi, za Poland, zimekuja kuchukua ngano. Kutoka pale hadi bahari ya Atlantiki ni takriban kilomita 3,770.

Ziwa lenyewe liko mita 183 juu ya usawa wa bahari. Meli inapandaje? Kuna vyumba vya maji 16 kati ya Montreal na Superior. Inaingia katika chumba kimoja, lango la nyuma linafungwa, maji yanaachiliwa kuingia, inainuka taratibu kama mtu anayejazwa pumzi, lango la mbele linafunguliwa, inaendelea. Njia hiyo ya St. Lawrence ilifunguliwa mwaka 1959, na Marekani na Canada zinaiendesha pamoja. Hapo naona tofauti ndogo na anayosema Wakala: watu wa Minnesota kwa kweli wanapita katika nchi nyingine, maana sehemu kubwa ya njia hiyo iko Canada. Ila wana mkataba, na nchi zote mbili zinahitaji mto uleule.

Jambo ambalo vitabu hulipita haraka ni baridi. Vyumba vya Sault Ste. Marie, mlango wa kutokea ziwa Superior, hufungwa katikati ya Januari hadi tarehe 25 Machi kwa sababu ya barafu. Bandari inanyamaza. Zile meli ndefu za mita 300 zinazobeba mawe ya chuma kutoka milima ya Mesabi hufungwa kandokando zikifanyiwa matengenezo. Hizo hazitoki maziwani kamwe, ni ndefu mno kwa vyumba vya kuelekea Atlantiki. Zinazaliwa na kuzeeka kwenye maji matamu.


Mhandisi_Maji

Mwalimu, nawakubali wote wawili, lakini wamezungumzia kinachoshuka kwenda baharini na kuuzwa. Kuna maji yenyewe. Jimbo la ndani mara nyingi ndilo lenye chemchemi, na hilo nalo ni nguvu.

Colorado ni mfano mzuri. Haina bahari, haina ziwa kubwa, na karibu kila mto wa maana ulio ndani yake unaanzia hapo: Colorado, Arkansas, Rio Grande, South Platte. Inatoa kwa majirani kuliko inavyopokea. Mwaka 1922, pale Santa Fe, majimbo saba ya bonde la mto Colorado yaliafikiana jinsi ya kugawana maji: Colorado, Wyoming, Utah na New Mexico juu, Arizona, Nevada na California chini. Hesabu hapo: sita kati ya saba hayana bahari. Lililokuwa na bahari, California, ndilo lililokuwa likikua haraka, na mengine yaliogopa kwamba atakayewahi kutumia maji atayadai kuwa yake milele.

Arizona ilikataa kuridhia hadi 1944, kisha ikapelekana mahakamani na California mpaka hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1963. Watu wa asili wa bonde hilo hawakukaribishwa mezani mwaka 1922, na jambo hilo bado linawaka. Mto wenyewe umegawanywa hadi tone la mwisho. Tangu miaka ya 1960, miaka mingi haufiki baharini, unaishia mchangani Mexico. Wavuvi wa delta ndio waliolipa gharama.

Mlete huyo binti karibu na nyumbani pia. Maji mengi anayochota Umoja yanatoka Murang'a, kwenye bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994. Nairobi inakunywa ya jirani, na Murang'a imedai kwa miaka ipate mgao wa mapato ya maji hayo. Ni mazungumzo yaleyale ya Santa Fe, kwa watu wa huku. Mimi nimefanya kazi kwenye mabomba ya njia hiyo na nimesimama juu ya kingo za bwawa mwezi wa ukame, udongo mwekundu umeonekana mita kadhaa chini ya alama ya kawaida, na nilijua ni mitaa ipi ya Nairobi itakayobeba mitungi wiki hiyo.


Mwalimu_Umoja

Nawashukuru sana, nimechapisha yote. Naomba mawili zaidi. Kwanza, Arizona: kwenye ramani imekaribia bahari kiasi kwamba wanafunzi walidhani ni kosa la mchoraji. Ilikosaje? Pili, mvulana mmoja ameniuliza leo kama kaunti zetu nazo ni kama yale majimbo, maana hata Nairobi haina bahari.


Wakala_BandariKavu

Mwalimu, huyo mvulana naye apewe zawadi. Kati ya kaunti 47, zinazogusa bahari ni tano tu: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu. Taita-Taveta watu huiita pwani lakini haigusi. Arobaini na mbili hazina, Nairobi ikiwemo, na treni ya mizigo ya reli ya kisasa imekuwa ikileta makontena Embakasi tangu 2018 bila kaunti yoyote ya njiani kudai chochote. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 209, inasema kaunti isitoze kodi kwa namna itakayozuia bidhaa kusafiri nchini. Ni wazo lilelile la wale wa 1787.

Tofauti iko kwenye kulitii. Muulize dereva yeyote wa viazi anayetoka Nyandarua kuja soko la Marikiti. Anakatiwa risiti ya sesi, yaani ushuru wa mazao wa kaunti, alikopakia, na kuna vizuizi njiani ambako kaunti nyingine inamkatia tena kwa viazi vilevile. Nimewahi kupanda lori la rafiki yangu na kumwona akitoa pesa kwenye kizuizi ambacho hakikuwa na hata kibao. Shati ya yule kijana ndiyo iliyokuwa na nembo. Gunia likifika Marikiti limebeba hizo risiti zote ndani ya bei, na anayezilipa ni mama wa chipsi pale mtaani kwako.

Kwa nchi jirani, gharama huwa kubwa zaidi ya pesa. Januari 2008, baada ya uchaguzi wetu, reli iling'olewa Kibera na barabara zikafungwa, na petroli ikaadimika Uganda na Rwanda. Watu wa Kigali hawakuwa na kura wala mgombea katika mambo yale. Januari 2022, madereva walipogoma Malaba kuhusu ada za vipimo vya Korona, foleni ilienda kilomita nyingi na bei ya petroli Kampala ikaruka. Nebraska inaweza kugombana na Kansas juu ya mto, na imewahi kupelekana nayo mahakamani juu ya mto Republican, lakini Kansas haiwezi kuamka asubuhi ikaifungia petroli.

Usiwafanye waamini kwamba wale hawana shida, hata hivyo. Oktoba 2022 Mississippi ilishuka pale Memphis hadi kina cha chini kuliko kilichokuwa kimewahi kurekodiwa mpaka wakati huo, matishari yakakwama kwenye mchanga wakati wa mavuno yenyewe, na nauli ya mto ikapanda vibaya. Sheria haijazi mto.

Lakini tazama jinsi majimbo ya ndani yanavyojitafutia milango, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Idaho ina bandari, Lewiston, takriban kilomita 748 kutoka Pasifiki kwa mito ya Columbia na Snake. Matishari ya ngano yanapita mabwawa manane kushuka, na kwenye bwawa moja, John Day, chumba cha maji huyashusha zaidi ya mita 30 kwa mkupuo. Njia ilikamilika 1975. Oklahoma, nchi ya vumbi na mafuta, ilichimbiwa njia kwenye mto Arkansas hadi karibu na Tulsa, ikafunguliwa 1971, na leo ina vyumba 18 vya maji. Tennessee iliamua kutumia anga: FedEx ilianza safari zake Memphis mwaka 1973, na vifurushi vingi mno vinapangwa pale usiku. Kentucky vilevile ina UPS, Louisville. Nikifikiria Entebbe na Kigali, naona mfano wa kuufuata pale.

Sasa Arizona. Kosa si la mchoraji. Baada ya vita vya 1846 hadi 1848, Marekani ilichukua sehemu kubwa ya kaskazini ya Mexico, kisha mwaka 1853 James Gadsden akatumwa kununua ardhi zaidi kusini, hasa kwa ajili ya njia ya reli. Marekani ilitamani kipande kinachofika Ghuba ya California. Mexico ilikataa, kwa sababu kipande hicho kingeikata rasi ya Baja California isiungane na nchi yake kwa ardhi. Ndiyo maana mpaka unakwenda magharibi sawasawa hadi karibu na Nogales, kisha unapinda mshazari kuelekea mto Colorado, chini kidogo ya Yuma. Huo mshazari ndio bahari ya Arizona iliyokataliwa. Mexico ilipokea dola milioni 10 na ikabaki na ukanda wake. Na kwa muda Arizona haikuikosa sana bahari: kuanzia 1852 meli za mvuke zilipandisha mizigo kutoka ghuba hadi Yuma, mpaka reli ilipofika 1877 na kuziondoa. Leo hata ungeirudisha meli, maji hayapo, kama Mhandisi alivyosema.

Kwa somo la wiki ijayo nina wazo. Wape nusu ya darasa gunia la mahindi kutoka Omaha, nusu nyingine gunia la kahawa kutoka Mbale, Uganda, wafuatilie kila mtu atakayeligusa hadi linaingia melini, waandike jina la kila hati. Upande wa Mbale nitakusaidia: nina nakala za tamko, dhamana na cheti cha kutoka mpakani za mzigo uliokwisha kufika, na nitafuta majina na namba zote. Niko Buruburu Alhamisi kuanzia saa nane. Niandikie pembeni tupange pa kukutana, nikuletee nakala za kutosha madawati yote.